Mayai ya Tarehe Nne

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Karani alichota kopo moja la pumba na nusu kopo la chenga za mahindi, akamfuata bibi yake hadi bandani. Bibi alivua ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni kwa uzi mwekundu, akafungua kufuli, na kuku wakamiminika nje wakisukumana kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko. Bibi aliwahesabu kwa macho. Karani aliwahesabu kwa kidole. Wakishapata idadi moja, siku ilikuwa imeanza.

Hilo la Karani lilikuwa jina la utani. Bibi alimpachika kwa sababu mjukuu wake huyo wa kike aliandika kila kitu. Kopo la sukari likifunguliwa, aliandika tarehe kwenye mfuniko. Hata mswaki wake mpya aliuandika tarehe kwa kalamu ya risasi, akisema anataka kujua utakaa muda gani.

Tarehe nne ya mwezi ule, kuku mmoja hakutoka bandani. Alikuwa kuku mdogo mwenye miguu mifupi, ndiyo maana walimwita Kibete. Alitutumua manyoya, akalalia yai moja tu kana kwamba amelalia hazina.

"Huyu anataka kuatamia," Bibi alisema. "Na safari hii kazi ni yako."

"Yangu peke yangu?"

"Peke yako. Mwezi ujao nakwenda kwa shangazi yako, anatarajia kujifungua. Nitakaa huko wiki sita. Nataka kujua kama nikuachie wewe banda hili, au nimpelekee jirani ufunguo."

Karani alitazama ule uzi mwekundu shingoni mwa Bibi. Moyoni aliona kama ufunguo umeshakuwa wake.

Baba yake, ambaye alikuwa seremala, aliwapa sanduku la mbao na gunia la maranda laini. Wakaliweka sanduku kwenye stoo ndogo nyuma ya jiko, mahali palipo kimya. Bibi alichagua mayai tisa, wala hakukubali la kumi.

"Kibete ni mdogo. Mabawa yake yanafunika mayai tisa. Ukimwongezea, kila siku kuna moja litakalolala nje kwenye baridi."

Karani alichukua penseli yake, akaandika 4 juu ya kila yai. Hivyo, kuku mwingine akija kutaga humo, yai lake lisilo na alama lingejulikana mara moja na kuondolewa.

"Maji karibu, chakula karibu," Bibi alimwambia. "Atashuka mwenyewe mara moja kwa siku, ale, anywe, ajinyooshe, arudi. Na kuna jambo moja nisilirudie mara mbili. Usimwinue akiwa juu ya mayai. Kuku anayeatamia hubana mayai kwapani. Ukimwinua, unainua na mayai."

"Nimesikia, Bibi."

Na kweli alikuwa amesikia. Siku nne za mwanzo alikwenda stoo kwa ncha za vidole, akabadilisha maji, akatoka. Bibi alichungulia tu mlangoni, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

Siku ya tano, tarehe tisa, alikuja Redio. Huyu alikuwa msichana wa nyumba ya pili, wanasoma darasa moja. Aliitwa Redio kwa sababu habari ikifika kwake asubuhi, jioni mtaa mzima unayo.

"Nasikia una mayai yenye tarehe," alisema. "Nionyeshe."

"Kuku ameyalalia."

"Si umwinue kidogo? Dakika moja tu. Au unamwogopa? Kuku mwenyewe ni mdogo kuliko kiatu cha baba yako."

Karani alicheka. Alijua asichopaswa kufanya, lakini alijiambia kwamba atamwinua polepole sana. Akapitisha mikono chini ya Kibete, akamnyanyua.

Kibete alipiga kelele, akakunjua mabawa. Mayai mawili yalichomoka kwapani yakaanguka kwenye saruji. Karani alishtuka, akamwachia. Kuku akaangukia sandukuni akirusharusha miguu, na mengine mawili yakapasuka papo hapo.

Redio alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Usimwambie mtu," Karani alisema. "Niahidi."

"Sitasema."

"Hata mama yako."

"Nimesema sitasema. Redio imezimwa."

Karani alifanya kazi haraka. Alifuta saruji, akatoa maranda yaliyolowa na kuweka makavu, akazika maganda nyuma ya choo. Kisha akaingia bandani na kuokota mayai manne yaliyotagwa asubuhi ile. Akayaandika 4. Aliandika kwa makini, mstari ule ule, ukubwa ule ule, akilinganisha kila moja na yale ya zamani mpaka yakafanana. Akayaingiza chini ya Kibete, naye akayavuta kwa mdomo bila kuuliza.

Jioni Bibi aliuliza, "Leo hatuna mayai?"

"Hawakutaga, Bibi."

"Labda ni joto," Bibi alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Uongo ule ulipita kirahisi hivyo. Siku zikaenda, Kibete akatulia, na Karani akajiambia kwamba hakuna kilichoharibika. Mayai yalikuwa tisa, na bado ni tisa. Jambo moja tu hakulifikiria. Yai halisomi tarehe iliyoandikwa juu yake. Linahesabu siku zake lenyewe.

Tarehe ishirini na tano, siku ya ishirini na moja, sauti nyembamba ilisikika kutoka sandukuni. Mpaka jua linazama vifaranga wanne walikuwa wametoka, wamekauka, wanachungulia katikati ya manyoya ya mama yao kama watu dirishani. Kesho yake asubuhi, ambayo ilikuwa Jumamosi, Kibete alishuka sandukuni na kutoka nje. Alikuwa akiita kwa sauti nzito, watoto nyuma yake, hana habari tena na kiota.

Bibi aliinama sandukuni. Mayai matano.

"Wanne kati ya tisa," alisema. "Si vibaya kwa mara ya kwanza. Haya yameshakuwa viza, siku zake zimepita na mama ameyaacha. Kayatupe shimoni, mjukuu wangu, halafu uje tuwatengenezee watoto maji kwenye kisahani."

Akampa Karani mayai yale, moja baada ya jingine, mkononi na kwenye upindo wa gauni.

Shimo la taka lilikuwa mwisho wa kiwanja. Karani alitembea hatua kama arobaini, na kila hatua aliona mayai yale yanazidi kuwa mazito. Yalikuwa na joto bado. Alipiga hesabu kichwani. Manne kati ya haya yalikuwa na siku kumi na saba. Humo ndani kulikuwa na vifaranga wenye macho na kucha, waliobakiza siku nne tu. Akiyatupa, hakuna atakayejua kamwe. Bibi ameridhika, ufunguo ni wake.

Alisimama ukingoni. Redio alikuwa upande wa pili wa ua, ameshika ndoo, anamtazama. Hakusema kitu. Kwa Redio, hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko kelele.

Karani aliangalia zile tarakimu za 4 zilizoandikwa kwa mkono wake, safi, zimenyooka. Akageuka. Alirudi mbio, lakini mbio za mtu aliyebeba mayai, yaani miguu inakimbia na mikono imelala.

"Bibi," alisema, pumzi zikimpanda. "Si viza. Mayai manne si ya tarehe nne. Ni ya tarehe tisa."

Bibi aliweka kisahani chini. "Sema taratibu."

Akasema yote. Alivyomwinua Kibete, yaliyoanguka, yaliyopasuka, aliyoyaweka badala yake, na jioni ile aliyodanganya kwamba kuku hawakutaga. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha kusema. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, uso wake haukukunjamana wala haukulainika.

"Mangapi hapo ni ya tarehe tisa?"

"Manne. Moja ni la zamani, ambalo halikuanguliwa."

"Lipi?"

Karani aliyatazama mayai. Aligeuza hili, akageuza lile. Yote yalikuwa na nne ile ile.

"Sijui, Bibi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliyaandika yafanane."

"Basi umejificha mpaka wewe mwenyewe hujioni," Bibi alisema. "Maneno tutayaweka mpaka baadaye. Yai halingoji maneno. Lete beseni, na maji vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga."

Bibi aliyaweka mayai majini taratibu, yote matano. Yakaelea yakitoa upara mdogo juu ya maji. Wakangoja maji yatulie kabisa. Karani hakuthubutu kupumua karibu na beseni.

Kisha yai moja likatikisika. Kidogo tu, kama kichwa cha mtu anayesinzia akashtuka. Viduara vidogo vikasambaa majini.

"Huyo yu hai," Bibi alisema.

Likafuata la pili. La tatu lilichelewa mpaka Karani akakata tamaa, halafu nalo likayumba. Mawili hayakusogea, hata waliposubiri tena.

"Matatu," Bibi alisema, akiyakausha kwa kitambaa kikavu. "Haya mawili hayana mtu. Sasa nani atayalalia? Kibete hatarudi, ana watoto."

Karani alifikiri. Mara akainua macho. "Kishingo."

Kishingo alikuwa kuku asiye na manyoya shingoni, aliyekuwa amefungiwa chini ya tenga kwa siku tatu. Naye alitaka kuatamia, na Bibi alikuwa akimpoza ili aache, kwa kuwa kuku wawili wa kuatamia kwa wakati mmoja walikuwa wengi mno. Siku ile ndiyo alikuwa akihitajika.

"Umefikiri vizuri," Bibi alisema. "Lakini kwanza futa uongo huo."

Karani alisugua zile nne kwa kidole kilicholowa mpaka zikatoka. Akachukua penseli, akaandika 9 kwenye kila yai. Maganda yalikuwa bado na unyevu, na tisa zilitoka zimepinda, lakini zilikuwa za kweli.

Walimtoa Kishingo chini ya tenga wakamweka karibu na sanduku. Hawakumwinua. Alilitazama yai la kwanza kwa jicho moja, akalitazama kwa jicho la pili. Akapanda mwenyewe, akayavuta mayai kwa mdomo, akakaa na kushusha mabawa kama anayefunga pazia.

Redio alikuja jioni, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Umesema?"

"Nimesema."

Redio alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Siku kumi na saba nimebeba jambo hilo. Mama ameniuliza mara mbili kama naumwa, maana nimekuwa kimya. Nimekonda, nitazame."

Bibi, aliyekuwa akikoroga sufuria, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Na wewe, mwanangu, siku nyingine ukiona rafiki yako anazama, usimsaidie kunyamaza. Msukume aje kwangu."

"Ndiyo, Bibi," alisema Redio. "Hiyo kazi ya kusema naiweza."

Siku nne zilizofuata Karani alibadilisha maji, akaweka chakula, akatoka. Hakuyagusa mayai. Tarehe thelathini, alipotoka shule, alisikia sauti nyembamba kabla hajafika mlango wa stoo. Vifaranga wawili walikuwa wamekauka tayari, na wa tatu alikuwa bado amelowa, amebakiza kipande cha ganda mgongoni. Ganda lenyewe lilikuwa na tisa iliyopinda.

Wote watatu waliishi.

Kesho yake Bibi alifunga mfuko wake wa safari. Baba alikuwa ameshautoa uani, na jirani alikuja kumuaga. Karani alisimama kando akiwa na hakika kwamba ufunguo utakwenda kwa jirani, kwa hiyo alishangaa Bibi alipovua uzi mwekundu shingoni na kumwita yeye.

"Bibi, mimi ndiye niliyevunja mayai manne."

"Najua. Ningekupa hata kama ungevunja kumi." Bibi alimvisha uzi, akanyoosha ufunguo ukae sawa kifuani. "Sikiliza, mama. Anayefuga kuku atavunja mayai, hilo halikwepeki. Mimi mwenyewe nimevunja mengi kuliko umri wako. Sikukasirikia mayai. Nilichukia zile nne za uongo, kwa sababu zilinifanya nikuamrishe utupe watoto walio hai. Uongo hufanya hata mtu mwema akosee. Lakini ulirudi kutoka shimoni mayai yakiwa bado na joto, na kwa sababu uliniambia kabla hujayatupa, tuliweza kufanya kitu. Ukikosea nikiwa mbali, fanya hivyo hivyo. Mwambie baba yako siku ile ile, usingoje ya pili."

"Siku ile ile," Karani alisema.

"Na uandike tarehe."

"Ya kweli."

Bibi alimpapasa kichwani, akatoka. Karani alimsindikiza hadi barabarani, akapunga mkono mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akarudi bandani kwa sababu jua lilikuwa limepanda na kuku walikuwa wakipiga kelele ndani. Akaingiza ufunguo kwenye kufuli, akafungua mlango, akaanza kuwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, bila kuruka.