Kilomita Zilizobaki

Kifaa kilianza kuongea kikiwa kimezimwa, ndani ya droo, na gari limeegeshwa nje.

"Zimebaki kilomita kumi na tisa."

Fundi mapazia aliacha mkasi juu ya kitambaa. Alikuwa amekinunua juzi tu, kifaa cha kuonyesha njia, maana gari lake kuukuu hulitoa mara mbili kwa mwezi kupelekea wateja mapazia, na simu yake ikifungua ramani tu, chaji kwisha. Muuzaji alimwonyesha vitatu. Viwili vilikuwa vipya, bei za kumtoa mtu jasho. Cha tatu kilikuwa kimetumika, rahisi kupita kiasi, na muuzaji alikisukuma kwa tambara bila kukigusa.

"Kwa safari za mara moja moja kinakutosha, dada. Kiambie tu nyumbani kwenu ni wapi."

Naye, akijiona mjanja, akakiambia.

Alivuta droo. Harufu ya nywele zilizoungua ikampiga usoni. Kwenye kioo, kishale chekundu kilikuwa kinatambaa barabarani kuelekea nyumbani kwake.

"Zimebaki kumi na sita."

Alikikimbiza dukani. Muuzaji alipomwona akateremsha mlango wa bati nusu.

"Umeniuzia nini wewe?"

"Nilitaka kitoke kwangu." Hakuwa hata na haya. "Hicho hakikuongozi wewe, dada. Kinamwongoza mwenyewe, aje hapo ulipokiambia ni nyumbani. Lakini haingii bila kukaribishwa. Akibisha, nyamazeni nyote mpaka jua lizame. Atakwenda zake."

"Nikikivunja?"

"Aliyeniuzia mimi alikivunja mara mbili. Si hicho hapo, kizima?"

Alirudi nacho nyumbani mbio, akakitupa tena ndani ya droo. Akamwambia mumewe, ambaye alicheka mpaka droo iliposema, "Zimebaki mita mia nane." Fundi akafunga madirisha, akaupiga komeo mlango wa mbele.

Hakumwambia mama mkwe. Walikuwa wamenuniana siku tisa, tangu bibi huyo alipokata kitambaa cha mteja akajishonea foronya na kusema kilikuwa kimetupwa. Fundi alifika mpaka kwenye mlango wa chumba chake, akanyanyua mkono agonge, kiburi kikaushusha. Nimwanze mimi? Thubutu! Isitoshe mlango wa nje wa chumba kile ulifungukia uani, na barabara ilikuwa mbele.

"Hodi."

Sauti ilikuwa laini, ile ile ya kwenye kifaa. Mumewe alimshika mkono akauminya.

"Usijibu," alinong'ona. "Usipumue kwa nguvu."

"Hodi, wenyewe."

Mara ya tatu mlango ulitikisika kidogo, kisha pakawa kimya. Mwanga wa jua la machweo ulikuwa umeshapanda juu ya ukuta, umebaki ukanda mwembamba chini ya dari. Mume akaanza kutabasamu.

"Mbele hapana njia," kifaa kikasema. "Zunguka uani."

Fundi aliruka, akapita jikoni akigonga sufuria na bega, akaiona korido fupi aliyoifagia miaka yote ikiwa ndefu kama haitaisha, na harufu ya nywele zilizoungua ikimtangulia, ikijaa puani na kooni, na yeye akitaka kuita "Mama, usijibu!" lakini neno mama, ambalo siku tisa nzima alikataa kulitamka, likamkwama, likatoka pumzi tupu, na mkono wake ukashika kitasa cha mlango wa bibi huku nyuma yake, kule sebuleni, droo ikisema, "Umefika."

Upande wa pili, uani, mtu alikohoa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Bibi aliitikia kwa furaha, na komeo la mlango wa uani likasikika likivutwa. "Karibu, pita, pita ndani. Wewe angalau umenisalimia. Mkwe wangu, siku ya tisa leo, hata salamu hanipi."