Nilitoka Eda Nikakuta Nimeshakufa

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mjane, sina mtoto, naishi Lindi mjini. Ninakula, ninalala, ninasali, na majirani zangu watawaambia ninavyogombana nao bombani. Lakini kuna watu huko ng'ambo waliofanya maombolezo yangu, wakaweka picha yangu na maua... nami nikiwa hai! Niiteni Mwanahawa. Siku hizi nikiitwa jina hilo kwa ghafla, hushtuka kabla ya kuitika.

Nianze na kazi yenyewe, maana hapa mjini wengi hawakuamini kama ilikuwa kazi.

Chuo kilipofungua tawi mjini kwetu, Mama Sakina, mama wa Kihindi ambaye babu yake aliuza vitambaa katika jengo lile lile, aligeuza duka hilo la babu kuwa mgahawa. Aliweka feni, intaneti ya kasi na soketi kila meza. Ukinunua chai ya maziwa na kachori mbili, unakaa mpaka uchoke mwenyewe. Wanafunzi walijaa na kompyuta zao. Nami nilikuwa na meza yangu ya pembeni, chini ya feni, nikijibu malalamiko ya wateja wa duka moja la mtandaoni la nchi za mbali. Mtu kanunua viatu huko Ulaya, vimembana, anamfokea Mwanahawa wa Lindi! Bosi wangu, mama wa Kizungu nitakayemwita Marta, sikuwahi kukutana naye. Tulionana kwenye kamera tu, kila Jumatatu.

Mama mkwe wangu, anayeishi Mchinga, hakuipenda kazi hiyo. Alikuwa akiuliza watu, "Huyu mkamwana wangu anashinda mgahawani, anatafuta nini?" Lakini mume wangu Selemani alijivunia. Alikuwa fundi wa majokofu. Mchana alinipitia na wali na samaki kwenye hotipoti, akanisogezea kimyakimya. Akinikuta kwenye kikao, aliinama nyuma ya kiti changu akaipungia kamera mkono. Wazungu wakacheka! Marta akawa anamwita bwana wa kupunga mkono. Mimi nilikuwa nikimkemea, "Seli, utaniharibia kazi!" Laiti ningejua... ningemwacha apunge mpaka mkono uchoke.

Umeme ulimpiga akitengeneza friza ya samaki. Asubuhi aliniaga akiimba. Adhuhuri nikaitwa hospitali, nikafunuliwa shuka.

Tulimzika kwao Mchinga, na huko huko nikawekwa eda. Wanaojua hawahitaji kuelezwa: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatokitoki. Mama mkwe alisema mjane wa mwanawe hawezi kukaa eda kwenye chumba cha kupanga mjini. Sikubisha. Niliona hata afadhali nifungiwe, nisilione jua.

Na kazi je? Nilikokaa Mchinga mtandao ulikuwa ukija na kuondoka. Na hata ungekuwepo, mama mkwe angekubali mjane ashinde anazungumza na kioo? Niliwaza kumweleza Marta, nikajiona mjinga. Mzungu ataelewa nini kuhusu eda? Si atanitafutia mbadala siku hiyo hiyo? Basi nikanyamaza. Hata kwamba Selemani amefariki, sikumwambia.

Hapo ndipo nilipomwita Zuhura.

Zuhura alikuwa rafiki yangu tangu shule. Hakuwa na ajira, lakini alikuwa akija kukaa nami pale mgahawani, nikimwonyesha kazi inavyofanywa. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyenishika nisianguke. Akanishika mkono tena mle chumbani, akaniambia, "Shoga, we kaa eda yako kwa utulivu. Kiti chako nitakikalia mimi."

Nikampa kompyuta, visikilizio vyangu vya kichwani na nywila zote. Tukapatana awajibu wateja kwa jina langu, malipo tugawane, na kwenye vikao aseme kamera imeharibika. Nilimbusu kwa shukrani... Nilimbusu, jamani!

Mwanzoni alikuja kila Ijumaa na maandazi, ananisimulia vituko vya wateja mpaka nacheka ndani ya kanga. Kisha akawa anapitisha Ijumaa moja, mbili. Kisha simu ikawa haipokelewi. "Kazi nyingi, shoga," aliniandikia. Nikaamini.

Lakini Jumatatu zilikuwa zinanitesa. Saa ya kikao ikifika, nilikaa kitandani nikiutazama ukuta, na nasema kweli, nilikuwa nikiisikia ile feni ya mgahawani. Nikawaza kwamba dakika hii, mahali fulani, anaitwa Mwanahawa, na kuna mtu anaitika. Nikamwambia mama mkwe. Akanisomea dua, akasema ni majonzi tu.

Eda ikaisha. Nikaogeshwa, nikasomewa dua, nikavaa nguo mpya, nikarudi Lindi. Mzigo niliuacha chumbani nikaenda moja kwa moja mgahawani. Mama Sakina alinikumbatia, "Pole mwanangu, pole sana." Nikatazama nyuma ya bega lake. Kwenye meza yangu, chini ya feni, alikaa Zuhura, visikilizio vyangu kichwani. Aliponiona alifunika kompyuta haraka.

Alisema kampuni iliona kamera haiwaki wakanifungia akaunti. Yeye sasa ameomba kazi kwingine, hata hajui itadumu hadi lini. Nikajaribu nywila yangu kwenye simu, ikakataa. Nikalia pale pale, na yeye ndiye aliyenifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekivaa.

Mama Sakina hakuridhika. Aliniita nyuma ya kaunta akaniambia, "Mwanangu, andika mwenyewe. Usiishi kwa maneno ya kuambiwa." Akaniazima kompyuta yake ya dukani. Nikafungua anwani mpya, nikamwandikia Marta kuomba radhi na kumwomba anirudishe.

Jibu lilikuja kesho yake. Aliandika kwamba hajui mimi ni nani, lakini ni ukatili kulitumia jina la marehemu. Mwanahawa alikufa ghafla, wamemlilia, na dada yake sasa anafanya kazi nao. Aliniomba nimwache marehemu apumzike.

Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikaanza kujishika mikono, usoni, shingoni... Mtu mzima nikijipapasa kaunta nzima ikinitazama!

Chini ya barua Marta alikuwa ameweka kiungo cha ukurasa wa rambirambi. Nikaufungua. Picha yangu ilikuwa pale, nikicheka, na maua pembeni. Mmoja aliandika kuwa nilimfundisha subira. Mwingine alipanda mti kwa jina langu. Ni nani kati yenu aliyewahi kusoma watu wanavyomlilia yeye? Msitamani. Kila niliposoma, nilihisi ninapungua.

Nikamsihi Marta anipe dakika moja tu ya kamera. Akakubali, nafikiri kwa hasira. Nikakaa mbele ya kompyuta ya Mama Sakina. Marta aliponiona alijiziba mdomo. Kisha akatikisa kichwa. Alisema siku hizi matapeli hutengeneza sura na sauti ya mtu aliyekufa, ikacheka na kuzungumza. Nikageuza shingo, nikainua mikono. Mama Sakina akajitosa kwenye kamera, "Wallahi huyu ni mzima! Mguse!" Amguse vipi, masikini?

Mwishowe Marta akasema hivi, na maneno hayo nitazikwa nayo: "Kama kweli wewe ni Mwanahawa, mwite mumeo. Mwambie apunge mkono kama zamani. Nikimwona yeye, nitaamini."

Wasomaji wenzangu, niligeuka. Naapa niligeuka nikatazama nyuma ya kiti changu, kama vile angekuwa amesimama pale na hotipoti yake. Kulikuwa na ukuta na kalenda. Nilipoirudia kamera, Marta alikuwa analia. Alikuwa ameshaelewa.

Aliniuliza lini. Nikamwambia. Akaniuliza kwa nini sikusema, angenipa likizo, maana mama yake mwenyewe alipofiwa na mume alijifungia ndani akavaa nyeusi mwaka mzima. Kumbe kwao nako kuna eda, ila wao hawaiiti hivyo! Ndipo akanieleza kwamba siku moja alimlazimisha Zuhura afungue kamera. Alipoulizwa mbona sura nyingine, Zuhura aliangua kilio, akasema yeye ni mdogo wangu, nimekufa, naye aliogopa kutoa habari. Wakamhurumia, wakampa kiti changu.

Hakubaki nacho. Walimfukuza kwa uongo wake. Mimi nami sikurudishwa, kwa kuwa nilitoa nywila kwa mtu mwingine, na sheria yao haina msamaha. Marta aliniomba radhi kana kwamba kosa ni lake.

Nilimfuata Zuhura kwao nikitaka kumrarua. Nilimkuta anaanika nguo. Hakukimbia, hakukana. Alinitazama tu, akasema, "Mwanahawa, ulikuwa ndani. Jina lako ulikuwa hulitumii." Nikakosa hata kofi la kumpiga. Baadaye nikasikia amehamia Kilwa. Kama anaitika kwa jina lake huko, sijui.

Hata sheikh wa mtaani kwetu, nilipomsimulia, alisikitika. Alisema mjane mwenye dharura ya riziki ana njia zake katika dini, ningeuliza ningeelekezwa. Sikuuliza. Sikumuuliza sheikh, sikumuuliza Marta. Nilimuuliza Zuhura!

Sasa nawachapia wanafunzi kazi zao pale pale kwa Mama Sakina, lakini si meza ile. Nilijaribu siku moja nikasikia hotipoti ikiwekwa nyuma yangu. Nikahama na chai yangu.

Nawaomba, dada zangu na kaka zangu mnaofanya kazi na watu msiowaona: mkifiwa, semeni. Msidhani wa mbali hajui kilio. Wala usimpe mtu jina lako akushikie, hata kama ndiye aliyekushika msibani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha kilio chenyewe.

Ukurasa ule waliufuta. Marta alitaka kufungua mwingine wa Selemani, nikamwambia asihangaike, wakati umepita. Rambirambi zake zote nilishazipokea mimi. Watu walimlilia aliye hai, na yeye, maskini mume wangu, walikuwa bado wanamngoja apunge mkono.