Episodi ya Kumi Haijatoka

Flashi ile ilikuwa na joto. Ilikaa kwenye kisahani tangu asubuhi bila mtu kuigusa, lakini Mbaluka alipoishika saa kumi jioni ilimchoma kiganja kama kiazi kilichotoka majivuni. Akaitupa mezani, akanusa vidole. Vilinuka damu na lami iliyoloa.

Tuseme ukweli kuhusu Mbaluka, maana yeye mwenyewe hakuwa mwepesi wa kuusema. Duka lake la muvi pale Kabiria lilipendwa. Ulimpelekea flashi, akakujazia sirizi, na nje palikuwa na benchi ambapo wateja walibishania miisho mpaka jua linazama: nani hakustahili kufa, mwandishi yupi alichoka njiani, mwisho upi ulikuwa utapeli mtupu. Ili benchi lisikose watu, Mbaluka alikuwa na mchezo alioubatiza kuacha mkia. Sirizi ina episodi kumi, yeye anakupa tisa. "Ya kumi haijatoka, rudi wiki ijayo," anakwambia, na ya kumi imelala kwenye kompyuta yake mwezi mzima.

Aliyeachiwa mkia mara nyingi kuliko wote ni Mzee Nzau, bawabu wa nyumba moja kule Muthangari. Alilinda usiku, akalala asubuhi, mchana akatazama. Kiti chake kilikuwa mwisho wa benchi. Alikuwa mtu mpole hadi mtu aanze kusimulia mwisho ambao hajaufikia; hapo aliziba masikio na kupiga kelele, "Funga mdomo! Funga huo mdomo!" na benchi zima likaangua kicheko. Safari hii ilikuwa sirizi ya Kituruki, ya dada anayemsaka muuaji wa kaka yake. Mzee aliiulizia ya kumi mara tatu, na mara tatu akaambiwa haijatoka. Mara ya nne, saa kumi jioni, akija dukani na flashi yake, akiivuka Ngong Road pale Dagoretti Corner, lori la mchanga likamkanyaga.

Mbaluka alikuwapo, amekwenda kununua nyaya. Alilia, kweli alilia. Lakini alipoiona flashi ya mzee mtaroni, jicho la biashara likamshinda, kwani flashi nzuri haitupwi. Akaipangusa damu kwa suruali, akaitia mfukoni, na kesho yake ikawa mali ya duka.

Mzee alizikwa kwao Mwingi. Siku tatu baadaye, saa kumi jioni, Beryl, msusi aliyekuwa mmoja wa wateja, aliketi bencheni na chai yake.

"Aki mimi nililia," alisema. "Huyo dada anampata muuaji, anamwekea bunduki hapa kwa paji, alafu ana..."

Hakumaliza. Taya lake la chini lilivutwa kando kwa nguvu, pakasikika mlio kama wa kuni inayovunjwa gotini, na meno mawili yakaanguka ndani ya kikombe. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Beryl alitoa sauti isiyo na maneno, damu ikimchuruzika hadi kwenye aproni, na mwisho wa benchi, pale ambapo hapakuwa na mtu, mbao zililia kama zinavyolia mtu mzito akijiweka sawa.

Watu walisema ni kiharusi. Watu hupenda kusema ni kiharusi. Kesho yake, saa ileile, Masila wa bodaboda alisema, "Mwisho wenyewe ulikuwa upuzi, manze. Eti ana..." na kabla hajafika popote aliinuliwa kwa ukosi wa koti, akabamizwa kwenye vyuma vya mlango mara moja, mara mbili, mara ya tatu mkono ukavunjika kiwikoni, mfupa ukachungulia nje mweupe. Benchi likatawanyika. Mbaluka alibaki ndani, na kwenye kisahani flashi ilikuwa inafuka moshi.

Akampigia simu mamake.

Mama huyo, Nzula, alifika kutoka Mwingi mchana uliofuata, kitambaa cha kanisa kichwani. Mama aliyemzaa Nzula alipunga majini enzi zake. Nzula mwenyewe aliokoka, lakini mambo ya nyumbani hayasahauliki. Alifunga mlango wa duka wakabaki watatu: yeye, Mbaluka na Mwihaki, mkewe Mbaluka, aliyekataa katakata kuachwa nyumbani. Nzula akainusa flashi.

"Damu ya nani hii?"

Mbaluka akamweleza yote, isipokuwa ule mkia.

"Huyu si Nzau, mwanangu," Nzula alinong'ona. "Nzau amelala. Pale barabarani kuna jini anayeramba damu ya ajali. Ameramba ya Nzau, akaimeza pamoja na kiu aliyokufa nayo. Nawe ukamwokota ukamleta ndani."

"Basi niitupe, mwaitu," Mbaluka alimwambia mamake.

"Utupe nini? Ameshaingia."

"Mbaluka," Mwihaki aliita, kwa sauti ndogo sana. "Mkono wangu."

Mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda wenyewe, polepole, kupita tumbo, kupita kifua, naye anaukamata kwa wa kushoto, anauvuta chini kwa nguvu zake zote na haushuki, hata ukafika shingoni, ukaikaba, kucha zikazama kwenye ngozi moja baada ya nyingine, na harufu ya damu na lami ikajaa duka dogo lile mpaka macho yakawawasha, na mdomo wa Mwihaki, ambaye Mbaluka alimpenda kuliko kitu chochote chini ya jua, ukafunguka, ikatoka sauti nzito ya mzee wa Mwingi: "Nipe ya kumi."

Mbaluka alishika kipanya cha kompyuta, akaitafuta ya kumi. Akaiwasha.

Walitazama dakika hamsini. Mwihaki alikaa wima, macho hayapepesi, damu ikimtiririka kifuani, na kila Mbaluka alipojaribu kusogea, kucha zilizama zaidi. Mwishoni dada alimpata muuaji, akamwekea bunduki kwenye paji la uso. Kisha akaishusha. Akamsamehe. Majina yakaanza kupanda.

"Anamsamehe?" sauti iliuliza.

Kucha zikazidi kukaza shingoni.

"Amemsamehe mtu aliyemdanganya miaka yote hiyo? Huu mwisho ni mbovu."

Na uso wa Mwihaki ukapigwa kwenye kioo cha kompyuta, ukarudishwa, ukapigwa tena, vipande vikaruka.

"Nisamehe, mzee!" Mbaluka alilia. "Nisamehe!"

"Usimwombe msamaha," Nzula alimkemea kwa mnong'ono. "Umeona jini haupendi msamaha. Kuna kitu hujaniambia. Kiseme!"

Uso ulikuwa umevutwa nyuma mara ya tatu, umeelekezwa kwenye ncha ya kioo iliyosimama kama kisu. Mbaluka akapiga magoti.

"Ilikuwapo! Ya kumi ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya ndio urudi."

Kichwa cha Mwihaki kikamgeukia.

"Ulinidanganya kwa mdomo gani?"

Mbaluka alielewa. Nyuma yake palikuwa na kitasa cha mlango, hatua mbili tu, na aibu yake ni kwamba alikitazama. Halafu akamtazama mkewe.

"Kwa huu."

"Ulete."

Akasogea kwa magoti juu ya vioo, akaupanua mdomo. Mwihaki akaanguka chini kama gunia, yuko huru, na vidole vya moto visivyoonekana vikapita katikati ya meno ya Mbaluka, vikaushika ulimi, vikautafuta mzizi wake bila haraka, vikavuta.

Nzula aliisaga flashi kwa jiwe, akaenda kuuzika unga wake kaburini kwa Nzau. Mwihaki alishonwa akapona. Duka liko palepale, yeye ndiye anayesema na wateja, na ukipeleka flashi unapewa episodi zote. Mbaluka anajaza kimyakimya. Benchi nalo lilirudi, na siku hizi sirizi wanayoibishania ni ya mwenye duka.

"Mimi huo mwisho niliupenda," Beryl alisema juzi, taya lake bado limepinda. "Alijitoa mhanga juu ya bibi yake. Uongo ulitoka kwa ulimi, ulimi ukaenda. Imeisha poa."

Masila akatikisa kichwa, mkono wake mbovu magotini. "Poa wapi? Mzee wa watu alikufa, na huyu bado anakunywa uji hapo ndani na bibi yake. Huo ni mwisho gani? Ningekuwa mimi, singeachia kwa ulimi. Ningemmaliza."

Mbaluka aliwasikia kutoka ndani. Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kamili. Mwisho wa benchi, pale ambapo watu hawaketi tena, mbao ziliinama taratibu, zikalia kama zilivyokuwa zikilia mzee aliposogea ili asikie vizuri.

"Ningemmaliza vipi?" Masila aliendelea, akichekacheka. "Ngoja niwaambie."

Mbaluka alitaka kumpigia kelele afunge mdomo, asimfundishe jini mwisho mpya, lakini hakuwa na ulimi wa kusemea.