Aliyetupwa Nje ya Chombo

"Kama tumemfungia nje, nani anahema humu ndani?" Rafiki yangu aliuliza hivyo.

Walikuwa wanne chumbani kwake, wanacheza kadi za chombo cha anga: mmoja ni msaliti kwa siri, wenzake wanapiga kura ya kumtupa nje. Nje ni koridoni, na mlango unafungwa kwa ufunguo. Jioni ile umeme ulikatika, na kura zote zikamwangukia msichana mpole waliyempachika jina la Bubu.

"Jamani, nifungulieni, kifua kinanibana!"

"Wee msaliti, unajua kuigiza!" wakamcheka. "Huko angani hakuna hewa, shosti!"

Hebu niambie, ni mchezo gani huo wa kumcheka mtu anayeomba pumzi? Bubu alikwaruza mlango, kisha akanyamaza. Ndipo wakasikia mtu akihema gizani, chini ya meza yao.

Walipofungua, Bubu alikuwa sakafuni, ameshakata roho. Wakamulika kadi yake kwa simu: hakuwa msaliti. Na chini ya meza kule kuhema hakukukoma.

Chumba chenyewe ndicho hiki. Nakuomba unyamaze kidogo, usikilize.