Nani Alikata Waya wa Feni ya Ferriol?

Waya uliochakaa huacha nyuzi zilizochanguka. Huu ulikuwa na ncha safi, kama uzi uliopitiwa na mkasi.

Nilipiga magoti kwenye changarawe na kuutazama tena, kwa sababu sikutaka kuamini.

Juu yangu mvuke mweupe ulikuwa ukitoka kwenye rejeta ya pikipiki ya mchumba wangu, na mlima tulikuwa hatujaumaliza hata nusu.

Ndugu msomaji, mtu alikuwa amekata waya wa feni ya Ferriol.

Na kwa mwamba uliokuwa ukitungoja kule juu, hilo halikuwa na tofauti na kumkata shingo.

Nieleze kidogo, ili tuwe pamoja.

Mashindano yetu si ya kasi. Pikipiki hazina kiti. Unasimama juu yake, unapanda mawe na maporomoko, na kila ukigusa chini kwa mguu unaandikiwa alama mbaya. Mimi ni mtu wa begi wa Ferriol. Namfuata nyuma kwa pikipiki yangu, mgongoni nina maji, vipuri, na mkate uliopakwa nyanya wenye soseji ndani. Nasomea uhandisi, ndiyo maana kijijini kwetu Vilasorda wananiita Profesa, na si kwa kunisifu.

Mwisho wa njia kuna mwamba tunaouita Mtawa, kwa kuwa umeinama kama mtu aliyefunika kichwa kwa joho.

Mwaka jana Guillem, rafiki wa Ferriol tangu utotoni, aliteleza karibu na kilele chake. Pikipiki ikamfuata chini.

Guillem hajatembea tena.

Basi mwaka huu kijiji kizima kilikuwa na neno moja. Kwa mwoka mikate, kanisani, kwenye baa ya uwanjani, kila aliyekutana na Ferriol alimpiga bega na kumwambia, "Kwa ajili ya Guillem."

Naye alikuwa akitabasamu...

"Imechemsha," alisema sasa, akivua glavu taratibu. "Basi, Quera. Tushuke."

"Tushuke? Ferriol, waya umekatwa. Kuna mtu amekukatia waya!"

"Vyovyote vile. Pikipiki imekufa."

"Haijafa. Naitengeneza."

Aligeuka kutazama ukungu uliokuwa ukiteremka kwenye misonobari. Nilidhani amekata tamaa, na moyo wangu ukaniuma kwa ajili yake.

Wakati huohuo Bernat alitokea kwenye kona na kusimama karibu nasi. Huyu ndiye mpinzani wa Ferriol, na tangu majira ya baridi walikuwa hawanywi kahawa meza moja.

"Mnachoma soseji hapo, Profesa? Moshi naona ni mwingi."

Nilisimama nikiwa na waya mkononi.

"Ulikuwa naye gereji jana, Bernat. Nilikuona ukitoka."

"Nilikuwa naye."

"Unajua injini iliyochemsha inafanya nini juu ya Mtawa? Inakubeba vizuri mpaka pale unapoihitaji kuliko popote, kisha inaishiwa nguvu. Ulitaka aanguke kama Guillem?"

Washindani wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Walisikia kila neno, nami sikujali.

Bernat hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha.

"Waya ule uko chini ya tangi, Queralt," alisema polepole, akiniita kwa jina langu kamili. "Huufikii bila kulifungua. Unadhani mwenyewe alikuwa amesimama wapi wakati nalifungua?"

"Sema basi. Kama unajua kitu, sema."

Alimtazama Ferriol. Ferriol alikuwa bado ametazama ukungu.

"Mengine si yangu kuyasema," alisema Bernat, akaondoka.

Nikamwita mwoga. Mungu anisamehe.

Nilifanya kazi haraka. Kifuniko cha rejeta sikukigusa, kwa maana anayekifungua kikiwa cha moto huondoka na uso wenye malengelenge. Niliigeuza pikipiki ielekee upepo, nikalaza kitambaa chenye maji juu ya mapezi ya rejeta, na nikakwangua tope lililokuwa limeyaziba. Mvuke ulipokwisha na chuma kikapoa, ndipo nikafungua na kujaza maji yaliyopotea. Kisha nikamenya ncha za waya kwa meno, nikazisokota, nikazifunga kwa utepe wa umeme.

"Washa."

Hakuwasha.

"Ferriol, washa, tutachelewa."

Akapiga kiki. Injini ikaitika, na joto lilipopanda kidogo, feni ikaanza kuvuma.

Nililia kwa furaha, wenzangu.

Yeye aliitazama ile feni kama mtu anayesomewa hukumu.

Njia iliyobaki ilikuwa ya kupanda tu, ndefu, ya mawe yanayoteleza. Nilimfuata karibu, na nilichokiona kilinishangaza. Alikuwa gia ya kwanza, injini inalia, klachi ameishika nusu, inasuguana tu.

"Gia ya pili!" nilipaza sauti. "Achia klachi! Unaipika!"

Akaweka ya pili. Baada ya kona akarudi ya kwanza.

Tuliposimama kungoja zamu kwenye kijito, akaitegesha pikipiki ikiwa imeupa upepo mgongo, huku akivutavuta mafuta bure. Nikaigeuza. Akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime ikiwa na joto hili," nilimwambia. "Feni inakula umeme wa injini. Ukizima, nayo inasimama, na joto lote linabaki ndani linatokota. Iache ingurume taratibu mpaka ipoe."

"Najua," alisema.

Kweli alijua. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Hapo shaka ikanijia. Lakini nikajiambia ni hofu ya kawaida, nikampa maji, na nikaendelea kumpeleka juu.

Mtawa alikuwa ameingia ukunguni mpaka mabegani. Chini yake watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona pale, na wote walikuwa kimya, kama watu wanaosubiri jeneza litolewe.

Mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, alikaa Mama Guillem.

Nikachutama kando ya injini. Nikasikiliza. Nikagusa mipira ya maji.

"Iko sawa," nilimnong'oneza Ferriol. "Joto limeshuka, feni inazunguka, haitakuangusha. Uko salama, mpenzi."

Aliinama mpaka kofia yake ikagusa yangu.

"Nani alikwambia uunganishe?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nini?"

"Ule waya, Quera. Nani alikwambia uuunganishe?"

Aliachia usukani na kuitazama tena ile feni.

Mchumba wangu alikuwa ameukata mwenyewe.

"Kila nikifumba macho namwona Guillem anarudi nyuma," alisema. "Nilitaka inifie njiani, mahali ambapo hakuna mtu. Kila mtu angesema, pole, bahati mbaya. Nawe ukaileta mpaka hapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha mno ya kunisaidia."

Mwamuzi akapuliza filimbi. Zamu yetu.

Nilikuwa na mkasi begini. Niliushika. "Niukate tena?" nilimwuliza. "Nitasema umechomoka. Hakuna atakayejua."

Alifikiri. Watu walikuwa wakitutazama, na mmoja akaita kwa nyuma, "Twende, Ferriol! Kwa ajili ya Guillem!"

Alizima injini. Akavua kofia. Akatembea kwa miguu yake mpaka kwenye kile kiti cha kukunja, akapiga magoti kwenye tope.

"Mama Guillem, sitapanda. Ninaogopa. Nisamehe."

Matone ya ukungu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye miti.

Yule mama alimshika uso kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nani alikuambia mimi nataka upande?"

Ferriol aliinua macho kumtazama.

"Guillem amekataa kuja leo," aliendelea. "Alisema hawezi kuangalia mara ya pili. Mimi nimekuja kukuzuia. Tangu asubuhi nimekaa hapa natafuta ujasiri wa kusimama mbele ya watu wote hawa, na nilikuwa bado sijaupata."

Aliyekuwa akiita kule nyuma aliinamisha kichwa.

Nilimtafuta Bernat, nikamwomba msamaha mbele ya watu, kwa sauti ileile niliyomtuhumu nayo.

"Alikuja kwangu kuazima koleo," alisema. "Nikamwambia, mwambie Profesa kwanza. Akasema, nikimwambia ataniambia niwe jasiri. Basi nikaenda naye gereji, nikamsaidia kufungua tangi."

Ndugu zangu, neno hilo limenikaa kooni mpaka leo, kwa sababu ndivyo ningemwambia hasa.

Niliamini kumpenda mtu ni kuondoa kila kinachomzuia kufika. Nilijua kila nati ya pikipiki yake, na sikujua kwamba usiku halali. Mtu niliyemdhania adui ndiye aliyekuwa akimlinda, nami niliyempenda ndiye niliyekuwa nikimsindikiza kwenye kifo, kwa bidii, kwa upendo, na kwa utepe wa umeme.

Kabla hujamwondolea mtu kikwazo njiani, muulize kwanza kama si yeye aliyekiweka.