Chiriku na Dawa Iliyounguza

Cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi. Kitambaa kilikuwa chini ya sindano, lakini mawazo ya mama fundi yalikuwa kwenye mguu wa binti yake. Chuma alichowekewa alipovunjika kilitakiwa kutolewa. Kidonda kilishaanza kutoa usaha.

"Siendi!" alisema binti. Kwa maneno yake mengi, wote walimwita Chiriku. "Ile nusu kaputi iliniunguza mkono mzima, kama pilipili imepita mshipani."

"Mwanangu, mguu utaoza."

"Na uoze!"

Mama akashusha sauti. "Basi safari hii tunyamaze. Wakijua damu yako inaikataa dawa, watakurudisha nyumbani na chuma chako."

"Nani anarudishwa nyumbani?"

Alikuwa jirani, amefuata gauni lake. Kazi yake hospitalini ni kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji. Mama alitaka kubadili mazungumzo, lakini Chiriku akamwaga yote.

"Sindano iliingia wapi?" jirani aliuliza.

"Hapa, mgongoni mwa kiganja."

"Na dawa ilikuwa nyeupe kama maziwa?"

"Nyeupe pee!"

"Hiyo huwaunguza wengi, hasa ikipita kwenye mshipa mdogo. Si kwamba damu imeikataa. Tunaweza kutumia mshipa mkubwa, hapa kwenye mkunjo wa kiwiko. Tunaweza pia kutanguliza dawa kidogo ya ganzi mshipani. Maumivu hupungua sana."

"Mbona mara ile hawakufanya?" mama alikuja juu.

"Sikuwepo, mama Chiriku. Lakini safari hii ulizeni mapema. Na usimfiche kitu mtu anayemlaza mwanao! Wako ambao dawa huwadhuru kweli. Hutoka vipele, hukosa pumzi. Tukijua yaliyopita, tunachagua dawa ya kumfaa. Mkifunga midomo, mnatuachia giza. Halafu wewe Chiriku, pale penye sindano pakiuma sana au pakivimba, piga kelele. Huenda sindano imetoka mshipani."

"Kelele naziweza," alisema Chiriku.

Mama akaitikia kwa kichwa. Kidogo tu angempeleka mwanawe na siri mdomoni.

Siku ya upasuaji mama alisema yote kabla hajaulizwa. Mtaalamu wa usingizi, mwenzake jirani, akamsikiliza, akachagua mshipa wa kiwikoni, akatanguliza ganzi. Mama aliruhusiwa kumshika mkono ule mwingine.

"Unasikiaje?" mtaalamu aliuliza.

"Ubaridi tu. Nikupe kisa? Mama alimshonea mwalimu suruali, mguu mmoja mrefu..."

Usingizi ukamchukua hapo hapo.

Chuma kilitoka salama. Wodini, Chiriku alifumbua jicho moja.

"...na mwingine kaptula," akamalizia.

Mama alicheka mpaka machozi.

Siku hizi mteja akitaja upasuaji, fundi hutoa kwanza pini zote mdomoni.

"Waambie kila kitu," husema. "Iliyokuunguza, iliyokuwasha, yote. Usiogope kuonekana msumbufu."

"Na uwape kisa!" huongeza Chiriku, akipita mbio mlangoni.