Viini Ishirini Vilivyofichwa

Kisawiri, taa ya kutoa picha za pande tatu, kilikining'iniza kiini cha atomu katikati ya ofisi, kikubwa kama fenesi, protoni nyekundu na nyutroni za buluu zikitetemeka hewani. Kiini hicho hakuna aliyewahi kukipima. Mashine ya kubashiri umri wa viini ilikikokotoa kwa hesabu tupu, ikatangaza kwamba kingedumu miaka mia, na kwa neno hilo chombo cha kwenda Mirihi kingejitengenezea njiani fueli ya kurudia, ya viini vya aina hiyo. Watu arobaini walikuwa wamekwisha kupanda. Chombo kingeruka saa sita mchana.

Saa tatu asubuhi Dakta Siwema aliingia ofisini kwa Profesa Ishengoma bila kubisha hodi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nimeifichia mashine viini ishirini."

Mashine kama hii hufundishwa kwa viini vilivyokwisha kupimwa, kisha hutahiniwa kwa vingine ambavyo haijaonyeshwa. Profesa, kwa haraka za miaka ya kuiunda, aliitahini kwa vilevile alivyoifundishia. Mwanafunzi aliyeuona mtihani mapema atakosaje kupata mia kwa mia? Siwema alikuwa ameifundisha upya kuanzia mwanzo bila viini ishirini, kisha akaitahini kwa hivyo.

"Imekosa vingapi?"

"Kumi na tisa. Na kiini chetu sasa inakipa siku tisa, si miaka mia. Fueli ikioza njiani, hawatarudi."

Mzee alivimba. "Hesabu hizi zina jina langu, Siwema. Nahodha ni binti yangu. Ningekuwa na shaka, ningempandisha mwanangu?"

Siwema alimpenda mzee huyu, aliyemtoa shule ya kata akamshika mkono mpaka hapa, na maneno yale yalimuuma. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa vifo vilikuwa arobaini.

"Hukuwa na shaka, Profesa. Ndipo tulipokosea." Akaweka karatasi mezani. "Sitoki humu mpaka uzisome."

Alizisoma zote, nyingine mara mbili. Saa nne na nusu alivua miwani, akavuta simu ya chombo.

"Niseme mimi?" Siwema aliuliza.

"Hapana. Jina ni langu."

Nyangoma alikuwa amejiandaa kwa siku hii miaka kumi na minne, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko baba yake. Sauti yake ilikuja ikiwa changamfu.

"Baba, unaniaga?"

"Nyangoma, mwanangu," alisema mzee. "Washushe watu wote. Baba yako amekosea hesabu."